Kuchagua Draya Huku Nikiogopa

Jumamosi, alasiri. Mvua.

Imenyesha tangu kabla ya adhana ya alfajiri, ikapungua, ikarudi, na sasa inadondoka juu ya mabati ya jikoni bila haraka yoyote. Ukunda nzima ni matope. Mimi nimekaa kitandani, miguu nimeikunja, moyo unanienda mbio na hakuna kinachonikimbiza.

Leo tumenunua draya. Mashine ya kukaushia nguo.

Najua inavyosikika. Watu wananunua friji, wananunua televisheni, wanapiga picha na kushangilia. Mimi nimenunua draya baada ya kulia dukani, na hata sasa nikiusikia mvumo wake kutoka stoo natega sikio kama mtu anayesikiliza mwizi. Wengine mnaosoma hapa mmekuwa mkiuliza nimepotelea wapi. Nilikuwa hapa hapa nyumbani. Nilikuwa naogopa.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nikimwogesha Zuhura, mwanangu wa kwanza, ambaye hata jino hajaota. Nikaona kipele mgongoni mwake, chini kidogo ya bega. Nikadhani ni joto, nikampaka poda. Kesho yake kikawa kimevimba, chekundu, na katikati pana kitundu kama kilichotobolewa kwa sindano. Hakuwa akilia sana, ila kila nikimlaza chali alishtuka na kujinyonganyonga. Nikawasha tochi ya simu nikakitazama vizuri.

Kile kitundu kikatikisika.

Mlikuwa na kitu ndani. Kitu hai, ndani ya mwanangu.

Sikumbuki nilivyofika zahanati. Hamisi, mume wangu, ananiambia nilitoka nimevaa kandambili mbili zisizofanana na leso nimeifunga nje ndani. Tulimkuta Nesi Mbeyu, mwanamke mrefu wa kwao Taru, mwenye sauti ya pole pole. Alimpaka Zuhura mafuta mazito juu ya kile kipele, tukangoja, kisha akaniambia nimshike mtoto barabara. Akabana pande mbili kwa vidole. Kikatoka kitu cheupe, kinene kama punje ya wali, kikaanguka juu ya pamba. Kilikuwa kinajikunja.

"Ni buu la inzi, mama," akasema. "Kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi, hasa zikianikwa kivulini au zikitandazwa chini. Mtoto akivaa, buu linajipenyeza kwenye ngozi. Nguo zote piga pasi ya moto, mpaka kwenye mishono."

Zuhura alinyamaza kulia kabla yangu. Kwake yeye yaliishia pale pale kitandani kwa nesi. Kwangu mimi ndipo yalipoanza.

Nikaanza kupiga pasi. Nepi, fulana, kofia, soksi, leso za kumbebea, shuka, foronya, taulo, singlendi za Hamisi, mpaka sidiria zangu. Nilipiga pasi nguo nilizokwisha kuzipiga jana yake, kwa sababu zililala kabatini na sikujua kabatini mmepita nini. Mbu akimwuma Zuhura, nakesha na tochi juu ya kile kialama. Nikila wali, nikiona punje imesimama peke yake kando ya sahani, nasukuma sahani.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba naogopa wali?

Sasa nimtaje mavyaa, mama yake Hamisi. Alikuja kutoka Msambweni nilipojifungua, arobaini ikaisha, akabaki, na mimi nikashukuru kwa sababu likizo yangu ya uzazi inakwisha na lazima nirudi kwenye ile ofisi ya Diani tunayokodishia wageni nyumba. Nguo za mjukuu wake alizifua yeye kwa mkono, kwenye beseni, kwa sabuni ya mche. Mashine yetu ya kufulia haiamini. Anasema inazungusha uchafu tu. Akimaliza huanika kambani, na kamba ikijaa hutandaza nepi na fulana juu ya majani, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nikiziona kila siku. Nyeupe, zimepangika vizuri, mpaka nilikuwa nikizifurahia. Siku ile nesi aliposema "zikitandazwa chini", niliziona pale pale mbele ya macho yangu.

Sikumwambia mavyaa neno. Lakini nilianza kuzifua upya. Akianika, nasubiri aingie kuswali, nazianua, nazitia kwenye mashine, naziweka kwenye kamba nilizozifunga chumbani kutoka dirishani hadi kwenye kabati. Kwa mvua hizi hazikukauka. Chumba kikawa na harufu ya beseni, pembe ya ukuta ikaota ukungu mweusi, na Zuhura akaanza kukoroma puani kama mtu mzima mwenye mafua. Basi nikaogopa na ukungu pia.

Mavyaa aliona. Ungekuwa wewe usingeona? Aliacha kusema "nipa mjukuu wangu" kila nikitoka chumbani. Akawa anakaa kwenye mlango wa jikoni na tasbihi yake. Jioni moja akamwambia Hamisi, mbele yangu, kwamba ngedere wanamaliza mihogo yake kule shambani na huenda akahitaji kurudi. Alisema kwa upole kabisa. Ningependa angegomba.

Nikaogopa na hilo. Kwamba ataondoka akiamini namwona mchafu, kwamba Msambweni yote itajua, kwamba nitamwachia Zuhura mtu nisiyemjua ili nirudi kazini. Lakini kumwambia ukweli pia niliogopa. Nikaendelea kupiga pasi.

Kisha ikaja Jumatano.

Nilikuwa napiga pasi shuka juu ya meza, nimetandika blanketi chini yake kama kawaida. Mvua ikazidi, stima zikapotea, taa na pasi zikazima. Zuhura akalia. Nikaiacha pasi pale pale ilivyo, imelala kifudifudi juu ya shuka, maana ilikuwa imekwisha kufa, nikaenda sebuleni kumnyonyesha. Sikuwa nimelala vizuri kwa muda mrefu. Usingizi ukatubeba wote wawili kwenye kochi.

Stima zikarudi.

Nilichoamkia ni moshi. Mavyaa alikuwa amekwisha kuchomoa plagi, na blanketi linalofuka alikuwa analiburura kwa mkono mtupu kupitia ukumbini, akalitupa uani kwenye mvua. Akarudi mbio.

"Mtoto yuwapi?"

"Ninaye, Mama. Ninaye hapa."

"Alhamdulillahi," akasema, akaketi chini sakafuni, na ndipo nilipouona mkono wake wa kulia. Kiganja kilikuwa kimebabuka.

Hakuna aliyenilaumu. Hamisi ni mpishi hotelini, ameona moto mwingi maishani mwake. Aliporudi alimpeleka mama yake zahanati akafungwa bendeji, kisha akasimama kuitazama ile meza iliyoungua, na umbo la pasi limejichora katikati. Akasema, "Tununue draya." Aliitamka kama mtu anavyosema, twende hospitali.

Tangu siku hiyo nimebanwa katikati ya hofu mbili. Nisipopiga pasi, buu. Nikipiga pasi, moto. Na draya yenyewe ni nini kama si pasi kubwa yenye mlango? Nikafanya kosa la kusoma mtandaoni habari za draya zilizowaka moto. Zipo nyingi kuliko inavyompasa mtu kujua.

Leo asubuhi tukaacha mtoto na mavyaa, tukatoka. Kumwacha tu kulinichosha kama kazi ya siku nzima.

Tulianza Diani, kwenye moja ya zile nyumba za wageni ninazozikodisha. Mwenyewe anabadilisha vyombo na draya yake ya zamani ilikuwa inauzwa. Hii ni ile ya bomba, yaani inapuliza mvuke na joto kupitia bomba nene linalotoka nyuma yake hadi nje ya nyumba. Mlinzi wa nyumba, mzee mpole, akatufungulia chumba cha kufulia. Akatuambia inakausha mashuka kama mchezo, ndani yake ni joto la tanuri.

Nilifurahi kusikia tanuri. Joto ndilo nililolitaka. Nilitaka joto litakaloua kila kitu chenye miguu, mabawa au yai.

Nikamwomba mzee aivute mbele kidogo nione nyuma. Akaivuta. Lile bomba lilikuwa limejikunja kama gunia lililobinywa. Sijui kilichonituma, nikatia mkono. Nikatoa manyoya ya nguo, yale mavumbi ya nyuzi, ya kijivu, makavu, yamechanganyika na nywele za watu nisiowajua. Nikatia tena mkono, nikatoa mengine, na mengine. Bonge la mwisho lilikuwa na ukingo wa kahawia.

"Mzee, hii imeungua?"

Akainama, akalitazama. "Hilo la zamani," akasema.

Nikaona giza. Hamisi alikuwa bado anapima kwa macho jinsi tutakavyoipakia. Akasema bomba tutalipitisha dirishani, kwa sababu mwenye nyumba wetu hatatukubalia kutoboa ukuta, na wavu wa mbu tutaukata kidogo tu. Kidogo tu! Nikaliona lile tundu kwenye wavu, nikaona na inzi wanavyopanga foleni. Nikamwambia twende zetu. Nilisema kwa sauti ambayo hakubishana nayo.

Kutoka pale tukaenda duka moja la vyombo vya umeme Ukunda, kando ya barabara kuu. Aliyetuhudumia ni kijana wa bara anayeitwa Kelvin, mcheshi, anayejua kila kitufe, na kila mama kwake ni "mathe".

"Mathe, karibu. Unataka ya nyumbani ama ya biashara?"

Nikasema ya mtoto. Akacheka. Mimi sikucheka, akaacha.

Akatuonyesha kwanza ile ya mbili kwa moja, inayofua na kukausha ndani ya pipa lile lile. Hamisi akaipenda kwa sababu haichukui nafasi. Lakini Kelvin mwenyewe akakiri kwamba ikifua pipa zima inakausha nusu tu, nyingine utoe ungoje, na inachukua saa nyingi. Kutoa, kungoja, nguo mbichi imekaa kwenye beseni. Nikatikisa kichwa. Halafu sisi mashine ya kufulia tunayo, ni nzima.

Ya pili ilikuwa ya tangi. Haina bomba, mvuke unageuka maji yanayokusanyika kwenye kitangi unachokivuta na kumwaga. Ilikuwa inazunguka pale pale dukani kama maonyesho. Nikasimama karibu nayo. Mvuke kweli haukuonekana, lakini joto lake lilikuwa limejaa ile pembe yote ya duka mpaka jasho likanichuruzika mgongoni. Nikafikiria stoo yetu, isiyo na dirisha la maana. Nikafikiria mashine yenye moto huo imefungiwa humo, na mimi nimelala na mtoto upande wa pili wa ukuta.

Kelvin akaanza kusema kuna za gesi pia, mahoteli wanazipenda. Sikumwacha amalize.

Ya mwisho ilikuwa ya pampu ya joto. Akaiwasha, tukangoja, akaniambia niweke kiganja kwenye kioo cha mlango. Kilikuwa cha vuguvugu tu, kama paja la mtoto aliyetoka kulala.

"Hii haichomi, mathe. Inazungusha hewa ile ile, joto lake ni la pole. Stima inakula kidogo. Ni polepole kidogo kuliko zile zingine, lakini haina noma."

Bei yake ilimfanya Hamisi avue kofia na kuivaa tena. Akasema pole pole kwamba pikipiki ya kuendea kazini inaweza kusubiri. Alikuwa tayari. Alikuwa akinitazama mimi tu niseme ndiyo.

Sikuweza kusema ndiyo.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Ile yenye moto wa kuua buu ndiyo inayoweza kuwaka. Na hii isiyoweza kuwaka ni ya vuguvugu, na vuguvugu ndilo yai hulitaka. Nikamwuliza Kelvin, je, joto hili linaua mayai ya inzi? Alikuwa amenijibu kila swali bila kufikiri. Hapo akajikuna shingo.

"Hapo sijui, mathe. Nisikudanganye."

Nikaanza kulia. Katikati ya friji na majiko, mchana kweupe. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua blenda akajisogeza upande wa pili. Hamisi hakujua aweke wapi mikono yake. Mwishowe alinishika kiwiko, akanitoa barazani, akatoa simu akampigia Nesi Mbeyu, ambaye alikuwa amempa namba yake siku ile mavyaa alipofungwa mkono. Akanipa niseme mwenyewe.

Nikasema yote. Bomba, tangi, pampu, moto, mayai. Nilisema haraka na nadhani sikueleweka nusu yake. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama Zuhura, hebu nikuulize. Nguo ikitoka kwenye mashine ya kufulia, ikaingia papo hapo kwenye hiyo nyingine, humo humo ndani, ikatoka imekauka ukaikunja. Huyo inzi atapata saa ngapi ya kutaga?"

Nikazihesabu hizo saa kichwani. Hazikuwepo.

"Pasi nilikwambia kwa sababu ya nguo zinazoanikwa nje. Hiyo yako haitaanikwa. Inzi hataiona. Chagua inayokutoa hofu ya moto, hakikisha nguo zinakauka kabisa, basi."

Nilisimama pale barazani mvua ikinirukia miguuni. Muda wote huu nilikuwa natafuta moto wa kumwunguza adui ambaye ningeweza tu kumfungia mlango. Nilijiona mjinga, lakini nilijiona mwepesi pia.

Kisha nesi akaniuliza, "Na wewe, unalala?"

"Nalala," nikasema.

"Jumatatu njoo unione. Si kwa ajili ya mtoto. Njoo wewe."

Tukanunua ya pampu ya joto, ndogo, inayotosha nguo za mtoto na mashuka. Kelvin akatueleza taratibu, sasa akisema na mimi kama anasema na dada yake: chujio lisafishwe kila baada ya matumizi, manyoya yasiachwe yakarundikana. Nguo zikamuliwe vizuri kwanza, zisiingie zinachuruzika. Ichomekwe kwenye soketi yake ukutani, isiunganishwe na ekstensheni. Na isikae barazani, chumvi ya baharini inakula vyuma. Nilimfanya arudie ile ya soketi.

Ikaletwa kwa tuktuk, imefunikwa turubai. Adhuhuri ilipopita ilikuwa imeshasimama stoo. Zuhura alikuwa amelala. Nikafua fulana zake na nepi kwenye mashine yetu, nikazihamisha, nikafunga mlango, nikabonyeza. Pipa likaanza kuzunguka.

Mavyaa akaja na ndoo ya maji aliyoibeba kwa mkono wa kushoto. Akaiweka kando ya mashine. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaketi juu yake kukielekea kile kioo, macho hayapepesi.

"Likiwaka, tutalizima," akasema.

Nikaketi sakafuni karibu naye. Tulikaa hivyo muda mrefu, tukitazama nguo zikipanda na kuanguka, watu wazima wawili tunalinda mashine mpya. Bendeji yake ilikuwa imelegea. Nikaifunga upya. Nilipokuwa nimeinama juu ya mkono wake ndipo aliposema.

"Mwanangu, zile nguo za majanini nilizitandaza mimi."

Sikuinua kichwa.

"Hamisi alinieleza alivyosema nesi. Najua tangu siku ile ile. Nikangoja uniambie. Hukuniambia. Nikakuona wazifua tena, nikasema basi, huyu ameniona ni mimi niliyemdhuru mtoto. Na kweli ni mimi." Akavuta pumzi. "Tangu hapo naogopa kumshika, hata leo asubuhi mliponiachia. Naona kama mikono yangu ina kitu."

Mimi nilidhani amenikasirikia. Muda wote ule, mlangoni na tasbihi yake, alikuwa anaogopa. Kama mimi.

Nilitaka kusema jambo zuri. Jambo ambalo mkwe mwema angesema. Kilichotoka ni hiki: "Mama, sikukuonea kinyaa hata siku moja. Nilikuwa naogopa kila kitu. Inzi, ukungu, wali, pasi. Wewe ulikuwa kimoja tu kati ya hivyo vitu."

Nikasikia nilichokisema. Nikataka sakafu ipasuke.

Mavyaa alinitazama. Midomo ikamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso, mabega yanaruka.

"Yaani mimi nimetiwa fungu moja na inzi!"

Nami nikacheka. Nilicheka vibaya, kwa makamasi, nikakumbuka sijacheka tangu siku ya zahanati. Na katikati ya kicheko mashine ikapiga mlio wake wa kumaliza, sote tukaruka, ndoo ikapinduka, maji yakatulowesha.

Tulipomaliza kupangusa nikafungua mlango wa draya. Mavyaa akachomoa fulana moja, ile ya njano. Mimi nikainuka.

"Wenda wapi?"

"Kuchukua pasi."

Hakunikataza. "Haya, kachukue. Lakini iguse kwanza," akasema, akaniwekea fulana shavuni. Ilikuwa ya uvuguvugu, laini, kavu mpaka kwenye mishono. Nikaipapasa mishono yote, mmoja baada ya mwingine. Kavu. Haikutoka nje ya stoo hii. Nilikuwa nimeitazama kwa macho yangu tangu ilipoingia mpaka ilipotoka.

Nikaketi tena.

Zuhura alipoamka tulimvua ile aliyolala nayo. Nikaishika fulana ya njano, nikashindwa. Mikono iliganda pale pale shingoni mwa fulana. Naandika hapa kwa kuwa nilijiahidi kwamba kwenye ukurasa huu sitadanganya: sikuweza kumvisha mwanangu nguo isiyopigwa pasi. Nilijua yote aliyosema nesi, nikayarudia moyoni, na mikono haikusikia.

Alimvisha mavyaa. Kwa mkono wake mmoja mzima, mimi nikimshikia mikono ya fulana iliyokuwa inakunjamana. Zuhura alipiga chafya, akatutazama kwa zamu, akajinyonganyonga kuitafuta tasbihi ya bibi yake. Mavyaa akampa aishike. Kisha akamnyanyua, akamlaza kifuani, bila kuniuliza, kama zamani.

Sasa wako sebuleni. Nasikia mavyaa anamwimbia kitu kisicho na maneno. Hamisi ameenda zamu ya jioni. Draya inazungusha mashuka, na mvumo wake bado unanifanya nitege sikio, na ukibadilika kidogo tu nainua shingo.

Bado naogopa. Sitaki mtu asome hapa akadhani mashine imeniponya. Imenipa tu nguo kavu, na meza isiyohitaji kuungua tena. Usiku utakapoingia najua nitaitafuta tochi. Hii hofu si ya inzi tena, na sijui niipe jina gani.

Nesi Mbeyu aliniuliza kama nalala, nikamjibu uongo, na nadhani alijua. Jumatatu nitakwenda. Nitamwambia kwamba silali, kwamba mikono yangu iliganda leo kwenye fulana ndogo ya njano, na nitamwambia na mengine ambayo hata hapa sijaweza kuyaandika.

Nilimwambia mavyaa kwamba nesi ananiita. Hakuuliza ni kwa nini. Alisema, "Nenda. Mtoto niachie mimi."

Nikasema sawa, Mama. Nilisema haraka, kabla hofu haijanijibia.